Graniti, udongo wa mfinyanzi au chumvi: mwamba upi unashika taka za nyuklia?

Watu wengi wakisikia kwamba taka za nyuklia zitazikwa ardhini, kinachowatia hofu kwanza ni plutoniamu. Ina sifa mbaya, nusu-maisha yake (muda wa nusu ya atomi zake kuoza) ni miaka 24,100, na hakuna anayetaka kuikuta kwenye kisima chake. Lakini katika hesabu za usalama za ghala la taka hizo linalopangwa kujengwa Bure, mashariki mwa Ufaransa, plutoniamu haimsumbui mtu kwa upande wa mwamba. Zinazofika juu ni iodini-129, klorini-36 na seleniamu-79, elementi ambazo nje ya fani hii hutajwa kwa nadra. Plutoniamu hubaki karibu na pale ilipozikwa mpaka mionzi yake iishe.

Ndiyo maana swali la "mwamba upi ni mgumu zaidi" halimsaidii mtu kuchagua. Ugumu una nafasi ndogo hapa. Cha kuuliza ni maji yanapitaje ndani ya mwamba huo, kemia yake ikoje, na kati ya elementi zote zilizomo kwenye taka, ipi itapata upenyo. Hapa nalinganisha miamba minne iliyochunguzwa sana kwa kazi hii: graniti na jamaa zake, udongo wa mfinyanzi uliogandamizwa hadi kuwa mwamba, chumvi, na tufu ya volkano. Sitawapa wote nafasi sawa. Nina upande wangu, na utauona.

Zinazotembea na zisizotembea

Ndani ya mwamba uliokauka kabisa, elementi yenye mionzi haina pa kwenda, isipokuwa ile kidogo iliyo katika hali ya gesi. Inahitaji maji. Maji nayo huisafirisha kwa namna mbili. Kwanza kuna mkondo: maji yanatiririka ndani ya ufa na kuondoka nayo. Pili kuna msambao: maji yametulia, lakini kilichoyeyuka ndani yake kinasogea taratibu kutoka mahali kilipojaa kwenda mahali kilipo kidogo. Mkondo kwenye ufa mzuri unaweza kuvuka mamia ya mita katika muda ambao binadamu anaweza kuuhesabu kwa vizazi. Msambao una kanuni nyingine kabisa: ukiongeza umbali mara mbili, muda unaongezeka mara nne.

Kuna pia kunata. Nyuso za madini mengi, hasa yale ya udongo wa mfinyanzi, zina chaji hasi. Elementi ikiyeyuka na kuwa na chaji chanya, hushikwa hapo, ikaachiwa, ikashikwa tena hatua chache mbele. Seziamu na strontiamu hunata kwa namna hiyo. Thoriamu, amerisiamu na plutoniamu hunata zaidi sana. Ili kupata picha ya ukubwa wa jambo hili, chukua mwamba wa mfinyanzi ambao asilimia 15 ya ujazo wake ni vitundu vyenye maji, na kila mita ya ujazo ina kilo 2,300 za madini. Elementi ambayo kipimo chake cha kunata ni mita moja ya ujazo kwa kilo itasafiri takriban mara 15,000 polepole kuliko maji yaliyoibeba. Iodini na klorini kwa upande wao zina chaji hasi, kama nyuso zenyewe. Hazivutwi, zinasukumwa. Kwa hiyo hazinati, zinakwenda na maji popote yaendapo.

Kati ya makundi haya mawili kuna elementi vigeugeu, na hizi ndizo zinazopaswa kumtia mchaguaji wasiwasi kuliko plutoniamu. Teknetiamu-99, yenye nusu-maisha ya miaka 211,000, ikikutana na maji yenye oksijeni huwa pertekneteti, umbo lenye chaji hasi linaloyeyuka kwa urahisi na kukimbia karibu sawa na iodini. Oksijeni ikikosekana, teknetiamu hiyo hiyo hugeuka kuwa oksaidi isiyotaka kuyeyuka. Urani na neptuniamu-237 (miaka milioni 2.14) zina tabia ya namna hiyo. Katika kina kikubwa, madini kama pairiti pamoja na bakteria wamekwisha kuila oksijeni yote, na hiyo ni zawadi kubwa ambayo mwamba hutoa bila kujengwa na mtu.

Seziamu-137 na strontiamu-90 ni hatari sana juu ya ardhi, ila nusu-maisha yake ni takriban miaka 30 tu. Baada ya miaka 300 hubaki sehemu moja hivi kwa elfu. Ghala lililo mamia ya mita chini halihitaji mwamba wa ajabu kuzishinda.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Neno "hunata" lisichukuliwe kama tabia ya elementi peke yake. Kule Hanford, katika jimbo la Washington nchini Marekani, matangi ya taka za kutengenezea plutoniamu yalivuja, na seziamu ilizama ardhini zaidi ya ilivyotarajiwa. Sababu ni kwamba taka zenyewe zilijaa sodiamu, na sodiamu ikagombania nafasi zile zile za kunata. Ukiona jedwali la vipimo vya kunata, uliza vilipimwa kwa maji gani. Kama si maji ya eneo husika, jedwali hilo lina thamani ndogo.

Graniti: mwamba mzuri wenye nyufa

Ufini na Uswidi hazikuwa na nafasi pana ya kuchagua. Ardhi yao karibu yote ni mwamba wa kale wa aina hii. Huko Olkiluoto, kampuni ya Posiva ilipata kibali cha ujenzi mwaka 2015 kwa ghala la Onkalo, kwenye kina cha zaidi ya mita 400, ndani ya mwamba wenye umri unaokaribia miaka bilioni mbili. Uswidi ilichagua Forsmark mwaka 2009, na serikali yake ikaidhinisha Januari 2022.

Graniti yenyewe, kipande bila ufa, karibu haipitishi kitu. Vitundu vyake havifiki asilimia moja ya ujazo. Tatizo ni kwamba hakuna mlima wa graniti usio na ufa. Maji yote hupita kwenye nyufa, na nyufa hazifanani: nyingi zimezibwa na madini, chache ziko wazi, na chache kati ya hizo zimeungana kiasi cha kutengeneza njia ndefu. Ukikosea kuijua moja hiyo, hesabu yote inabadilika. Forsmark ilipendelewa kwa sababu kwenye kina cha ghala nyufa zinazopitisha maji ni haba mno.

Kinachoiokoa graniti ni jambo lililoelezwa vizuri na Ivars Neretnieks mwaka 1980. Elementi inayosafiri ndani ya ufa haibaki ndani ya ufa tu. Inapenya pembeni kwa msambao, ikaingia kwenye vitundu vidogo vya mwamba mzima, ikakaa humo, ikanata humo, na kurudi baada ya muda mrefu. Kwa elementi zinazonata, ucheleweshaji huu ni mkubwa sana. Kwa iodini ni wa wastani. Maana yake, ufa mwembamba wenye maji mazembe ni mzuri kuliko ufa mpana wenye maji ya haraka, hata kama kiasi cha maji kinacholetwa na vyote viwili ni kile kile, kwa sababu kinachofanya kazi ni eneo la uso ambalo maji yanaligusa.

Halafu kuna koloidi, chembe ndogo mno zinazoelea majini bila kuzama. Plutoniamu inayonata kwenye ukuta wa ufa inaweza pia kunata kwenye chembe kama hiyo, na chembe ikasafiri na maji bila kuushika ukuta. Kwenye maabara ya chini ya ardhi ya Grimsel, katika Alps za Uswisi, majaribio yalionyesha koloidi za bentoniti zikivusha amerisiamu na plutoniamu mita chache ndani ya ufa wa graniti kwa kasi ambayo hesabu za kunata peke yake zisingeitabiri. Jambo linalokera ni kwamba bentoniti ndiyo udongo unaowekwa kulizunguka kopo la metali lenye taka ili kulilinda. Maji yenye chumvi kiasi huifanya itulie. Maji baridi matamu yanayoshuka kutoka barafu inayoyeyuka, yatakayokuja enzi ijayo ya barafu kaskazini, yanaweza kuimomonyoa na kuigeuza kuwa hizo hizo koloidi.

Ndiyo maana wenye graniti huweka imani yao kubwa kwenye kopo. Mfumo unaoitwa KBS-3 hutumia kopo la shaba lenye ukuta wa sentimita 5, chuma ndani yake, na bentoniti nje. Mjadala mkali zaidi Uswidi haukuhusu mwamba hata kidogo, ulihusu shaba. Januari 2018 mahakama ya ardhi na mazingira ilisema ushahidi zaidi unahitajika kuhusu kutu ya shaba hiyo kabla ya kibali kutolewa. Na katika hesabu za Forsmark, kopo likitoboka baada ya bentoniti kumomonyoka, inayotawala dozi ya mionzi inayowafikia watu ni radiamu-226, mzao wa urani ambaye nusu-maisha yake ni miaka 1,600 tu. Kwa kuwa urani iliyomo kwenye kopo inaendelea kuizaa, kusubiri hakusaidii.

Udongo wa mfinyanzi: polepole na kwa utaratibu

Hapa ndipo ninapoegemea.

Mwamba wa mfinyanzi wa Bure ulitulia chini ya bahari takriban miaka milioni 160 iliyopita. Una unene wa zaidi ya mita 130, katika kina cha karibu mita 500, na ghala likikaa katikati linabakiwa na zaidi ya mita 50 juu yake na chini yake. Andra, shirika la taka za nyuklia la Ufaransa, liliwasilisha ombi la kibali cha ujenzi mwaka 2023. Uswisi ina mwamba unaofanana, Opalinus, wenye umri wa takriban miaka milioni 175, ambao umechunguzwa tangu 1996 katika maabara ya Mont Terri. Ubelgiji ina udongo laini zaidi wa Boom, na maabara yake huko Mol iko mita 225 chini.

Udongo huu una maji mengi kuliko graniti. Hilo humshangaza mtu anayedhani usalama ni ukavu. Lakini vitundu vyake ni vidogo mno, na uwezo wake wa kupitisha maji ni wa kiwango cha 10⁻¹³ ya mita kwa sekunde au chini zaidi. Hata ukiusukuma kwa mgandamizo wa mita moja ya maji kwa kila mita ya mwamba, ambao ni mkubwa, maji yatasogea takriban sentimita mbili kwa miaka 1,000. Mkondo umekufa. Kilichobaki ni msambao.

Msambao tunaweza kuuhesabu. Iodini, isiyonata, ina kasi ya msambao ya kiwango cha 10⁻¹⁰ ya mita za mraba kwa sekunde katika mwamba kama huu. Kuvuka mita 10 kunaichukua kama miaka 30,000. Mita 20, zaidi ya miaka 120,000. Mita 50, karibu miaka 800,000. Klorini-36 ina nusu-maisha ya miaka 301,000, kwa hiyo sehemu kubwa inaishia njiani. Iodini-129 ina miaka milioni 15.7, hivyo itatoka. Ila itatoka kidogo kidogo kwa mamia ya maelfu ya miaka, ikiwa imesambaa mno. Plutoniamu, kwa ucheleweshaji ule wa mara 15,000, haivuki hata nusu mita kabla ya nusu-maisha kumi kupita na kubaki sehemu moja kwa elfu.

Hesabu kama hizi zinaweza kutengenezwa kwa mwamba wowote. Kilichonishawishi ni ushahidi uliomo ndani ya mwamba wenyewe. Maji yaliyonaswa kwenye vitundu vya Opalinus bado yana kloridi na heliamu za asili. Ukipima kuanzia ukingo mmoja wa tabaka hadi mwingine, unapata upinde laini: nyingi katikati, zikipungua kuelekea kingo. Upinde huo ndio unaotarajiwa kama msambao pekee umefanya kazi kwa mamilioni ya miaka. Kungekuwa na ufa unaopitisha maji mahali fulani, upinde ungevunjika hapo. Kwa hiyo jaribio la mamilioni ya miaka, ambalo hakuna maabara ingeweza kulifanya, tayari limefanyika. Graniti haikupi picha safi ya namna hii, maana kila shimo la uchunguzi linakutana na nyufa zake.

Ukikata udongo huu, nyufa zinazotokea pembezoni mwa handaki huvimba zikipata maji na kujiziba. Koloidi nazo huchujwa. Vitundu ni vidogo kuliko nyingi kati yao.

Una kasoro pia. Haupitishi joto vizuri, kwa hiyo Bure imejiwekea ukomo wa nyuzi 90 za selisiasi, na taka zenye joto zinapaswa kupoa juu ya ardhi kwa miongo mingi kwanza. Mahandaki yanahitaji nguzo na zege. Chuma kinachopata kutu bila oksijeni hutoa hidrojeni, na kwa kuwa mwamba haupitishi, gesi hiyo hujikusanya na kuongeza mgandamizo. Wahandisi wanapenda kuzungumzia jambo hili la mwisho kuliko mengine yote, na wana haki.

Chumvi: bora kabisa mpaka siku maji yatakapoingia

Chumvi ya miamba ikiwepo leo baada ya miaka milioni 250, ni kwa sababu maji hayakuifikia. Hiyo ni hoja ya nguvu. Pia chumvi hujongea polepole chini ya uzito, ikafunga mapengo na kulifumbata pipa, na hupitisha joto vizuri kuliko miamba mingine mitatu. Ndani yake hakuna mkondo, na msambao hauna njia ya kupita. Iodini, mshindi wa udongo na graniti, hapa haina pa kwenda.

Lakini chumvi haina kunata. Usalama wote umewekwa kwenye neno moja, "kavu". Linganisha migodi miwili. Asse II, nchini Ujerumani, ulikuwa mgodi wa zamani wa chumvi uliopewa takriban mapipa 126,000 ya taka za kiwango cha chini na cha kati kati ya 1967 na 1978. Wachimbaji wa awali waliacha mapango makubwa karibu na ukingo wa chumvi. Tangu 1988 maji chumvi yanaingia, takriban mita 12 za ujazo kwa siku, na mwaka 2013 sheria iliagiza taka zitolewe. WIPP, ghala la taka la Marekani karibu na Carlsbad huko New Mexico, ulichimbwa mahsusi kwa kazi hii kwenye kina cha mita 655 na ukaanza kupokea taka mwaka 1999. Mwamba ni wa jamii moja. Historia ya uchimbaji ndiyo iliyotofautisha matokeo.

WIPP nayo ilipata ajali Februari 2014: pipa lililofungashwa vibaya, lenye kemikali zisizopaswa kukaa pamoja, lilipasuka na mionzi ikapanda juu. Haikupita kwenye mwamba. Ilipita kwenye njia ya hewa ya mgodi. Kazi ya kuzika taka ilirejea mwaka 2017. Anayetumia ajali hiyo kama hoja dhidi ya chumvi anachanganya mambo mawili.

Hoja halisi dhidi ya WIPP ni watu. Eneo hilo liko kwenye bonde lenye mafuta na gesi, na hesabu zake za usalama hutawaliwa na uwezekano wa mtu wa karne zijazo kutoboa kisima katikati ya ghala bila kujua. Chumvi, mafuta, gesi na potashi mara nyingi hukaa majirani. Udongo wa mfinyanzi hauna thamani ya kumvuta mchimbaji. Kwa tahadhari, WIPP huweka magnesiamu oksaidi juu ya taka, ili maji chumvi yakija yakute kemia inayozuia plutoniamu isiyeyuke kwa wingi. Maji yenye chumvi kali pia hufanya koloidi nyingi zigandane na kuzama, faida ambayo graniti ingeitamani.

Tufu: kwa nini iko mwisho

Yucca Mountain, Nevada, ni majivu ya volkano yaliyoshikamana. Wazo lilikuwa tofauti na mengine yote: kuweka ghala takriban mita 300 chini ya ardhi na bado liwe takriban mita 300 juu ya maji ya ardhini, katika jangwa. Ombi la kibali liliwasilishwa 2008, mradi ukasimamishwa kisiasa muda mfupi baadaye.

Kwa upande wa elementi zinazotembea, naona ni chaguo la mwisho kati ya manne. Juu ya usawa wa maji ya ardhini kuna hewa, na hewa ina oksijeni. Teknetiamu na neptuniamu zinakuwa katika umbo lao la kukimbia. Pia kuna nyufa. Miaka ya 1990, ndani ya handaki la uchunguzi, baadhi ya sampuli zilionyesha klorini-36 nyingi kuliko kawaida, ikidhaniwa imetoka kwenye majaribio ya mabomu katika Pasifiki ya miaka ya 1950. Ingekuwa na maana kwamba maji ya mvua yalishuka mamia ya mita katika chini ya miaka 50. Vipimo vya baadaye vya kuhakiki havikulingana na vile vya kwanza, na suala hilo likabaki na ubishi.

Si mbali na hapo, kwenye uwanja wa majaribio ya nyuklia wa Nevada, plutoniamu ilipatikana kwenye maji ya kisima kilichoko kilomita 1.3 kutoka mahali bomu la Benham lilipolipuliwa mwaka 1968. Matokeo hayo yalichapishwa 1999. Alama ya isotopu zake (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti) ilionyesha chanzo ni Benham, na plutoniamu ilikuwa imeshikamana na koloidi. Kiasi kilikuwa kidogo sana. Bado, hicho ni kielelezo kwamba hata elementi inayonata inaweza kupata lifti katika mwamba wa volkano wenye nyufa.

Miamba iliyowahi kufanya kazi hii bila kuombwa

Mwaka 1972 wataalamu wa Ufaransa waligundua kwamba urani kutoka Oklo, Gabon, ilikuwa na asilimia 0.717 ya urani-235 badala ya 0.720. Tofauti hiyo ndogo iliwaongoza kwenye jambo lisilo la kawaida: takriban miaka bilioni mbili iliyopita, madini hayo yalijiwasha yenyewe kama kinu cha nyuklia. Walipofuatilia mabaki, plutoniamu iliyozaliwa humo ilikuwa imeozea karibu pale pale. Seziamu, iodini na gesi zilikuwa zimetoroka kwa sehemu kubwa. Ni mgawanyo ule ule wa Bure.

Cigar Lake, nchini Kanada, ni mfano wa pili: hazina ya urani nyingi sana kwenye kina cha takriban mita 430, yenye umri wa miaka bilioni 1.3 hivi, iliyozungukwa na maji pande zote. Juu ya ardhi hakuna dalili ya mionzi yake. Kinachoifunika ni udongo wa mfinyanzi, pamoja na maji yasiyo na oksijeni.

Mifano hii isitumiwe kupita kiasi. Oklo haikuwa na kopo la chuma, wala handaki, wala joto la taka za kisasa, na hazina zilizovuja kabisa hatuzioni leo.

Sasa, kuchagua

| Mwamba | Elementi husafirije | Ya kuangalia zaidi | Ukishindwa |
|---|---|---|---|
| Graniti | Mkondo kwenye nyufa, msambao pembeni | Radiamu-226, iodini-129 | Hutegemea ufa mmoja na kopo |
| Udongo wa mfinyanzi | Msambao | Iodini-129, klorini-36 | Taratibu, kidogo kidogo |
| Chumvi | Hapana, kama ni kavu | Chochote maji yatakachoyeyusha | Ghafla |
| Tufu | Matone kwenye nyufa, penye oksijeni | Teknetiamu-99, neptuniamu-237 | Mapema |

Kama taka ni mafuta ya nyuklia yaliyotumika, yasiyochakatwa, iodini imo yote, na sehemu yake hujitenga kwenye mianya ya mafuta na kutoka haraka maji yakifika. Hapo ningetaka udongo wa mfinyanzi au chumvi safi. Kama taka zimechakatwa na kugeuzwa kioo, hali inabadilika: iodini nyingi iliondoka wakati wa kuchakata, na kiasi kikubwa kilimwagwa baharini na viwanda vya kuchakata vya La Hague, Ufaransa, na Sellafield, Uingereza. Mwamba unapewa kazi nyepesi kwa sababu bahari ilibeba mzigo. Ukilinganisha hesabu za nchi mbili, angalia hilo kwanza, la sivyo utasifu mwamba kwa kazi ambayo haikuifanya.

Kama taka zina joto kali na haziwezi kusubiri, chumvi ina faida ya wazi. Kama eneo lina historia ya kuchimbwa, ningeikataa chumvi hiyo bila mjadala mrefu. Kama nchi ina graniti pekee, si sababu ya kukata tamaa. Ufini imekwenda mbali kuliko nchi nyingine yoyote kwa mwamba huo huo. Ila uangalizi uhamie kwenye kopo: metali gani, maji ya pale yana salfidi kiasi gani, na nini kitaifanya bentoniti ibaki mahali pake. Tufu ningeichagua tu pale ambapo haipo nyingine.

Sababu yangu ya kuweka udongo wa mfinyanzi mbele ya chumvi, ingawa chumvi kavu ni bora zaidi kwenye karatasi, ni namna kila mmoja unavyoharibika. Ukikosea vipimo vya udongo mara tatu, matokeo yanasogea mara tatu hivi, na iodini inatoka mapema zaidi lakini bado kwa utaratibu. Ukikosea kuhusu maji kwenye chumvi, unakuwa na Asse.

Ujerumani, yenye graniti, udongo wa mfinyanzi na chumvi, iliiondoa chumvi ya Gorleben kwenye orodha mwaka 2020 baada ya mabishano ya miongo minne, ikaanza upya na maeneo 90 yanayofikia asilimia 54 ya nchi. Uswisi ilianza na graniti, ikajenga Grimsel, kisha ikahamia Opalinus. Ndani ya Opalinus, mwaka 2015 Nagra, shirika la taka za nyuklia la Uswisi, lilipendekeza eneo la Nördlich Lägern liwekwe kando kwa sababu ya kina chake. Mamlaka ya usimamizi haikukubali, visima vya uchunguzi vikachimbwa, na Septemba 2022 Nagra hiyo hiyo ikalitaja Nördlich Lägern kuwa chaguo lake.